Wakili Aliyepewa Jerlean Stovall

Mara ya kwanza Jerlean Stovall kuonana na wakili wake, wakili huyo alimwita Geraldine.

Walikuwa kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya mahakama ya Kaunti ya Tullos, Mississippi, mahali ambapo mahabusu hukalishwa kwenye benchi, pingu mikononi na minyororo miguuni, wakingoja kuitwa. Wakili alikuja akivuta kijitoroli kilichojaa majalada. Alikuwa mzee mnene wa uso mwekundu, pumzi fupi, na tai iliyolegea shingoni. Jina lake Hoyt Sudduth. Katika kaunti ile, kila aliyeshtakiwa na asiwe na uwezo wa kujitafutia wakili, mahakama ilimkabidhi kwa Sudduth. Mzee huyo alikuwa na wateja wake binafsi pia, watu wa mashamba na mirathi, na hao ndio waliompa riziki. Akasimama mbele ya benchi, akafungua jalada.

"Bi Geraldine, leo ni siku yako njema," akasema.

"Naitwa Jerlean."

"Ndiyo, ndiyo." Akageuza ukurasa. Akaeleza harakaharaka kwamba mwendesha mashtaka alikuwa tayari kumalizana naye. Akiri kuiba vile vidonge vya maumivu kwenye nyumba ya wazee ya Pecan Bend alikokuwa akifanya kazi, apewe kifungo cha nje, na kabla jua halijazama awe yuko kwake.

"Sikuiba, Bwana Sudduth."

"Mimi sikuulizi kama uliiba. Nakuuliza kama unataka kulala kitandani kwako leo."

Tangu Jerlean akamatwe mwezi wa tatu, hili ndilo lililokuwa tumaini lake: siku moja atakuja mtu wa upande wake, naye atamweleza. Hata askari aliyemfunga pingu, alipojaribu kumwambia, alimjibu kwa upole tu kwamba hayo akamwambie wakili. Basi akamwambia wakili. Alasiri ile vidonge vilipopotea, yeye hakuwa hata ndani ya jengo. Mwenzake aliugua ghafla, msimamizi akamtuma yeye badala yake kumsindikiza Mzee Eulis Beal kwenye hospitali ya kusafishwa damu, kule Greenwood, na walirudi giza limeingia. Aulizwe Mzee Beal. Aulizwe na dereva wa gari la wagonjwa.

Sudduth alitikisa kichwa kwa kila sentensi, kama mtu anayesikiliza muziki, lakini macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye jalada la mtu wa pili. Kalamu ilibaki mfukoni.

"Unakiri au hukiri?" akauliza alipoona amenyamaza.

"Sikiri."

Mzee hakukasirika. Alishusha pumzi tu. Mbele ya Jaji Ferriss mambo hayakuchukua hata muda wa kupasha chai moto. Kesi ikasogezwa hadi kikao kijacho, miezi mbele, na Jerlean, ambaye hakuwa na fedha za dhamana, akarudishwa jela.

Si kwamba hakutaka kulala kitandani kwake. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na kazi aliyoijua ni moja: kuwaosha wazee, kuwalisha, kuwageuza usiku wasipate vidonda, kuwakata kucha, kuwasikiliza wakirudia hadithi ileile. Aliianza akiwa msichana. Mtu aliyekiri wizi wa dawa za wagonjwa hawezi kukaribia kitanda cha mgonjwa tena maisha yake yote. Kukiri kungemtoa jela na kumfungia milango mingine yote.

Mama yake, Odessa, hakuliona hivyo. Kila Jumapili baada ya ibada alipelekwa na shemasi wa kanisa hadi jela ya kaunti. Siku hizo watu hawakuonana tena uso kwa uso. Mama alikaa kwenye kijumba mbele ya skrini, binti akakaa mbele ya skrini nyingine upande wa pili wa ukuta, na sauti zikafika zikiwa zimechelewa kidogo, kana kwamba mmoja wao yuko ng'ambo ya bahari.

"Kiri uje nyumbani, mwanangu," Mama Odessa alisema. "Mungu anajua hukuiba."

"Mungu anajua, Mama. Ila wenye nyumba za wazee hawatamuuliza Mungu. Watauliza kompyuta."

"Na mimi je? Magoti haya yatanibeba mpaka lini?"

Skrini ilipozimwa, Jerlean alirudi kwenye chumba chake cha jela akajilaza kifudifudi.

Chumba hicho alikitumia pamoja na mwanamke mmoja mzungu, Dot Fewell, mwembamba kama ufito, mwenye mchoro wa kasuku shingoni, aliyeingia kwa kesi ya hundi za uongo. Dot alikuwa mtu wa mzaha. Sudduth alikuwa wakili wake pia, kama alivyokuwa wakili wa karibu kila aliyelala kwenye ule mrengo wa wanawake, na Dot alikuwa amempa jina: Bwana Kiri-Twende.

"Mara tatu ananitetea," alisema. "Siku nikifa atakuja kaburini aniambie, kiri, Dot, wamesema watakupunguzia."

Lakini hata yeye, mzaha ulipokwisha, alisema kwamba kati ya zile hundi anazodaiwa kughushi, moja iliandikwa na mtalaka wake, na kwamba alishamwambia mzee. Jerlean akamuuliza mzee alijibu nini. Dot akainua mabega, akageukia ukutani.

Kiangazi kikapita hivyo, joto la kuunguza, feni moja kwenye kona ikisukuma hewa ileile huku na huku. Jerlean alipiga simu ofisini kwa Sudduth kila aliporuhusiwa. Katibu wake, mwenye sauti nzuri, alimwambia kila mara kwamba ujumbe utafika. Labda ulifika. Mzee hakuja.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa tisa. Mama Odessa alikaa mbele ya skrini akiwa na kofia yake nyeusi, ile ya misiba, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa amechoka, alisema, jana kutwa walikuwa mazikoni.

"Yule mzee wako wa figo. Eulis Beal. Walimvalisha suti ya kijivu, alipendeza. Binti yake kaniambia alikuwa anakuulizia, eti Sajenti yuko wapi."

Sajenti ndilo jina alilompa Jerlean, kwa sababu alimpimia maji ya kunywa kama daktari alivyoagiza na hakukubali kubembelezwa. Mzee alimtania, akamwambia hata jeshini hakuonewa hivyo, halafu akanywa alichopimiwa. Walisikiliza pamoja mpira wa besiboli redioni, na timu yake ikifungwa alikataa kula mpaka Jerlean amwahidi kwamba kesho watashinda.

"Jerlean?" Mama akagonga kioo kwa kidole. "Imeganda hii?"

"Haijaganda, Mama."

Alilia usiku ule kwa ajili ya mzee mwenyewe, maana alimpenda. Hasira ilikuja asubuhi, wakati wa uji wa mahindi. Mzee Beal alikuwa hai mwezi wa nne. Alikuwa hai mwezi wa sita, na wa nane, maili chache kutoka mahakamani, akili zake timamu, akiuliza Sajenti yuko wapi. Ilihitajika mtu mmoja tu wa kwenda kukaa kando ya kitanda chake na kumuuliza. Mtu huyo aliwekwa na sheria, alilipwa na kaunti, na hakwenda.

Alimwambia Dot kwamba kikao kijacho atazungumza mwenyewe.

Dot safari hii hakufanya mzaha. "Basi usiongee kule ukumbini," akasema. "Kule unaongea na ukuta. Ngoja uwe ndani, mbele ya yule mama anayechapa kila linalosemwa. Akishachapa, hata jaji hawezi kusema hakusikia. Na usilie, bibie. Ukilia wataandika umelia, hawataandika ulichosema."

Siku ilipofika, Jerlean alisimamishwa kando ya Sudduth, mbele ya Jaji Ferriss, mtu mwenye upara na miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua, aliyekuwa na orodha ndefu na njaa ya mchana. Sudduth akasema utetezi uko tayari kupangiwa tarehe ya kusikilizwa kesi.

"Mheshimiwa, mimi siko tayari," Jerlean akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Naomba wakili mwingine, na naomba hili liandikwe."

Jaji akamtazama juu ya miwani. "Unaye wakili. Mahakama hukupa wakili, mama, haikupeleki dukani kuchagua."

"Sichagui, Mheshimiwa. Naomba mmoja tu, ila awe anafanya kazi."

Kicheko kikapita kwenye viti vya nyuma. Askari wa mahakama akapiga hatua moja kumsogelea. Jerlean akaendelea.

"Bwana Sudduth nilimwambia siku ile sikuwepo, na nikamtajia aliyekuwa na mimi. Muulize, Mheshimiwa. Muulize ni nani."

Jaji angeweza kumnyamazisha, alikuwa na uwezo huo. Kwa nini hakufanya hivyo, Jerlean hakujua. Aligeuza tu kichwa na kusema, "Bwana Sudduth?"

Mzee akafungua jalada. Akageuza karatasi ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Yule mama wa kuchapa akangoja, vidole vikiwa hewani. Jerlean alimwona mzee akitafuta neno la kumwokoa, kama alivyokwisha kuyapata mengi katika miaka yake pale, na akamwona akiacha kutafuta. Akafunga jalada.

"Sijui, Mheshimiwa," akasema. "Alinitajia jina, sikuliandika. Sijamtembelea jela. Sijaongea na shahidi hata mmoja. Nina kesi nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kubeba, na nilishasema hivyo humu ndani, lakini hilo si kosa la mama huyu. Kazi yake sijaifanya."

Hakuna aliyecheka.

"Aliitwa Eulis Beal," Jerlean akasema, "na wamemzika mwezi uliopita."

Jaji Ferriss alivua miwani akaifuta. Aliposema, alisema kwa ukavu uleule. Mshtakiwa ana haki ya kusaidiwa na wakili, na kusimamiwa na mtu aliyevaa tai si kusaidiwa. Akamwondoa Sudduth kwenye kesi ile, akaagiza itafutwe nafasi kwenye ofisi ya mawakili wa utetezi ya jimbo, kule Jackson. Dhamana hakuigusa. Sudduth akainama kidogo kwa jaji, akachukua jalada lililofuata, na mtu mwingine mwenye minyororo akaletwa.

Jerlean alirudi chumbani akiwa hana furaha yoyote. Alichojua ni kwamba sasa hana wakili kabisa, na shahidi wake yuko kaburini. Dot alimwambia amekuwa mtu maarufu, hata jikoni wanamtaja. Hakulala.

Wakili mpya alifika wiki iliyofuata. Aliitwa Vonetta Gaddis, mwanamke mweusi wa umri wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya kutembelea na sauti ya chini. Alidai chumba chenye mlango, akakipata. Akaketi, akamwambia, "Anza unapotaka," na hakuitazama saa mpaka chakula cha mchana kilipopita.

Alikuwa na maswali ambayo Jerlean aliyaona ya kitoto. Siku ile mvua ilinyesha? Gari lilinuka nini? Redioni palikuwa na nini? Jerlean akafumba macho ili akumbuke. Ndipo lilipomrudia jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakulitia maanani. Gari lilinuka karafuu.

"Karafuu?"

"Dereva alikuwa anaumwa jino. Shavu limemvimba hivi, anaendesha kwa mkono mmoja. Nilimwambia asimame dukani, nikamnunulia mafuta ya karafuu, nikampaka kwa pamba. Mzee Beal akacheka njia nzima, akasema Sajenti kapata askari mwingine."

Dereva huyo alijulikana kwa jina la Cleophus. La ukoo Jerlean hakulijua, na kwenye kampuni ya magari walisema aliacha kazi tangu masika. Gaddis akampata baada ya kuhangaika, ng'ambo ya Mto Mississippi, Pine Bluff, Arkansas, akifunga matairi kwenye karakana. Akaendesha gari mpaka huko. Cleophus hakuhitaji kukumbushwa. Mama wa karafuu alimkumbuka vizuri, alisema, kwa sababu usiku ule ndio aliolala baada ya siku kadhaa za kukesha, na kesho yake aling'olewa jino. Daktari wa meno alithibitisha tarehe. Ilikuwa kesho ya siku ya wizi. Cleophus akaongeza kwamba angekuja kusema haya muda wowote, lakini hakuna aliyempigia.

Kutoka huko Gaddis alikwenda kwa muuguzi wa Pecan Bend, yule ambaye polisi waliandika kuwa alimwona Jerlean kwenye toroli la dawa. Muuguzi alimkaribisha chai ya barafu. Alisema alichokiona ni mgongo wa mwanamke mwenye sare ya bluu, na sare za bluu wanavaa wote. Polisi walipomtajia jina la Jerlean, alijibu "labda". Hakujua kwamba "labda" yake ilifika mahakamani ikiwa "ndiyo".

Nani aliviiba vidonge, hakuna aliyejua, wala hadi leo haijulikani.

Kesi ilifutwa mwezi wa kumi na moja. Mwendesha mashtaka alisimama akasema maneno machache, jaji akayakubali, na ilichukua muda mfupi kuliko kuagiza chakula. Hakuna aliyesema pole. Gaddis alimshika Jerlean kiwiko, kwa sababu alionekana kama haelewi kwamba ameruhusiwa kwenda.

Kabla hawajaagana alimuuliza Gaddis kitu kimoja. Kama siku ile asingesimama na kusema?

"Kesi yako ingesikilizwa," Gaddis akajibu, "na Bwana Sudduth pembeni yako. Baraza la raia wanaoamua kesi lingemsikia muuguzi tu."

Jerlean alitoka kwa mlango wa nyuma wa jela, nguo za masika mwilini, na upepo wa baridi ukivuma juu ya mashamba ambayo pamba ilikuwa imeshavunwa. Mama Odessa alikuwa kwenye gari la shemasi, dirisha limefungwa, akilia kimyakimya kwa aibu ya kumshauri vibaya. Jerlean alimwambia ahame kidogo apate kukaa. Nyumbani kulikuwa na kuku wa kukaanga na majani ya figili yaliyochemshwa na mfupa wa nguruwe, akala mpaka tumbo likamuuma.

Kile chumba alichopanga kilikuwa na mtu mwingine. Vitu vyake mwenye nyumba alivitupa nje wakati wa kiangazi, na watu wakaviokota. Pecan Bend walisema watampigia, hawakumpigia. Ilibidi alale kwa mama yake, kwenye sofa, bila kazi mpaka baada ya Sikukuu ya Shukrani, ndipo nyumba ya wazee ya kaunti ya jirani ilipomchukua kwa zamu ya usiku. Waliuliza kompyuta. Kompyuta ilisema hana hatia yoyote.

Siku ya kesi ya Dot alikwenda mahakamani akitokea zamu, akiwa bado na sare. Alitaka Dot aone mtu kwenye viti. Lakini ukumbini alikutana na Sudduth na kijitoroli chake, na kabla hajajizuia akawa amemsimamisha.

"Dot Fewell leo anakiri?"

"Anakiri." Mzee alimtambua, uso ukazidi kuwa mwekundu. "Wamekubali atoke leo, kifungo cha nje. Yeye mwenyewe anataka."

"Na ile hundi ya mtalaka wake?"

"Hundi gani?"

Jerlean akamweleza. Sudduth alisimama pale, watu wakimpita kushoto na kulia, kisha akatoa kalamu akaandika juu ya jalada. Kesi ilipoitwa, badala ya kukiri, aliomba iahirishwe ili akachunguze. Jaji akakubali.

Dot akageuka kumtafuta Jerlean, na alipompata hakuwa na mzaha hata chembe.

"Leo nilikuwa nilale kwangu," akasema kwa sauti, askari akimvuta. "Nani kakutuma? Nani kakuambia mimi nataka haki?"

Jerlean alikaa pale mpaka chumba kikapungua watu, akijiuliza kama amemsaidia mtu au amemfunga. Baada ya Krismasi shtaka la ile hundi lilifutwa kweli, iligundulika kuwa haikuwa na mwandiko wa Dot, na kwa zile nyingine akakiri, akaachiwa kwa kifungo cha nje kilekile alichokuwa ameahidiwa, ila kifupi zaidi. Miezi miwili alikaa ndani kwa ajili hiyo. Jerlean alimwandikia mara mbili. Alijibiwa mara moja, kadi yenye picha ya kasuku na maneno mawili nyuma yake: Haya basi.

Siku ile ya kesi ya Dot, Jerlean alirudi kwa mama yake saa sita mchana, akalala mpaka jioni, akaamka akapiga pasi sare. Kulikuwa na bibi mmoja mpya kwenye mrengo wake wa nyumba ya wazee ambaye hakukubali kuoshwa na mtu mwingine yeyote ila yeye.